Kibao Ndani ya Masale

Nilisimamishwa siku ya Jumanne, katikati ya likizo ya Juni, shule ikiwa imefungwa na geti lake limezungushiwa mnyororo. Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu mpaka leo ndilo linalonichoma. Hapakuwa na mtoto barabarani. Hapakuwa na mwalimu, wala mbuzi wa mwalimu. Nilikuwa nateremka na mzigo wa ndizi kutoka gulioni kwenda mjini Moshi, sina haraka, na trafiki akatoka kivulini akanipungia mkono.

Akaniambia nimepita kibao cha shule bila kupunguza mwendo. Nikamwambia shule imefungwa.

"Kibao hakiendi likizo," alinijibu.

Nikamuuliza kibao kipi. Sikuuliza kwa ujeuri, ingawa mke wangu hunicheka kila ninaposema hivyo. Tukapanda kwa miguu, yeye mbele na mimi nyuma, hatua kama sitini, mpaka penye uzio wa masale, mimea ya majani marefu, uliokuwa umepita kichwa cha mtu mrefu. Akapandisha mkono wa shati, akauingiza mkono wote ndani ya majani mpaka begani, akayatenganisha. Kikaonekana. Pembetatu nyekundu, watoto wawili wameshikana mikono, na chini yake namba thelathini. Akaniambia hiki hapa. Nikamuuliza ikiwa yeye mwenyewe amekitafuta kwa mkono, mimi niliyekuwa kwenye usukani nilitakiwa kukiona kwa kitu gani. Aliniuliza kama mimi si mwenyeji wa hapo hapo.

Hapo alinibana, maana ule uzio ulikuwa wa baba yangu.

Kwetu masale hupandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa lenye nyumba katikati yake. Jani lake ndilo unalompelekea mtu uliyemkosea ukitaka akusamehe, na hakuna jirani atakayeligusa sale la mwenzake kwa panga bila ruhusa. Barabara ilipopanuliwa, watu wa barabara walikuja na kibao chao wakakichomeka sentimita chache tu kutoka kwenye uzio wetu, wakaondoka. Wakati huo mama alikuwa hai. Alikuwa akisimama barabarani mikono kiunoni, akimwonyesha baba wapi pamezidi na wapi pamepungua, na baba anakata huku ananung'unika, na uzio unakuwa sawasawa kama meza. Mama alipofariki baba aliliweka panga juu ya dari na hakulishusha tena. Ilipita miaka miwili. Masale yakapanda, migomba ikainamia juu yake, na kibao kikamezwa. Nilikuwa naliona jambo hilo kila Jumamosi nilipokwenda kumsalimu. Mtoto atamwambiaje baba yake akakate uzio wake?

Trafiki alichukua leseni yangu akaenda nayo, na hapo ndipo maisha yangu yaliposimama. Nilikuwa nimepunguzwa kiwandani miaka michache kabla, kipindi kile viwanda vya mjini vilipokuwa vinapunguza watu kama mtu anayepalilia, na mafao yangu yote niliyaweka kwenye pikapu moja kuukuu. Nilikuwa nachukua ndizi mlimani na kuzishusha mjini, au nakwenda Kahe na kurudi na mchele. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na ndiyo iliyokuwa ikitulisha mimi, mke wangu na watoto watatu, pale tulipopanga, mtaa wa Pasua. Dereva asiye na leseni ni mtu anayekaa nyumbani akilitazama gari lake. Kuku wa mwenye nyumba waligundua mapema kwamba haliondoki, wakaanza kutaga ndani.

Kila mtu aliniambia nikiri. Mke wangu ndiye aliyesema kwa ufupi zaidi: kiri, lipa, rudi barabarani. Hati ya mashtaka ilisema nimekaidi alama ya barabarani, kosa dogo, watu wanakiri asubuhi na mchana wako kazini. Lakini mimi nina kichwa kigumu, nimerithi upande wa baba. Niliposomewa shitaka na kuulizwa, nilisema si kweli. Karani, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliinua uso kunitazama kwa huruma. Nadhani alikuwa anajua ninachokitafuta.

Nilikitafuta nikakipata. Kesi ikapangwa kutajwa, halafu ikapangwa kutajwa tena. Mara ya tatu hakimu alikuwa semina. Mara ya nne mwendesha mashtaka alikuwa amefiwa, na kwa msiba huwezi kulalamika. Mara ya tano trafiki, ambaye ndiye shahidi pekee, alikuwa kwenye msafara wa kiongozi. Kuna siku faili halikuonekana, tukaambiwa tusubiri, tukasubiri mpaka saa nane kwenye benchi la nje, kisha tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili. Nilikuja kulijua benchi lile mpaka msumari wake uliochomoza, nikawa nawaonya wageni wasikae upande ule. Julai ikapita, Agosti ikapita, mvua za vuli zikaanza kunyesha na mimi bado natajwa. Siwezi kuacha kesi, siwezi kuendesha gari, siwezi kutafuta kibarua cha maana kwa sababu kila baada ya wiki mbili lazima nikakae pale. Nilikuwa na hasira asubuhi na jioni. Nilimgombeza mke wangu kwa chumvi ya mboga, nikawagombeza watoto kwa kucheka.

Na baba alikuwa hajui. Hili ndilo nililokosea, na nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria. Baba alikuwa mwenyekiti wa jumuiya kwa muda mrefu, mtu wa kusuluhisha mipaka ya watu, na katika maisha yake jambo alilojivunia kuliko hata watoto wake kusoma ni kwamba hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kusimama kizimbani. Alikuwa akisema mahakama ni ya watu wasio na wazee wa kuwasemesha. Sasa mimi ningeanzia wapi? Nilipoanza kupanda kwa miguu kutoka kituo cha basi, nilimwambia gari liko gereji. Wiki ya pili gereji, mwezi wa pili gereji. Siku moja akaniuliza kama huko gereji wanalitengeneza hilo gari au wanaliunda upya. Tulicheka wote wawili.

Kesi ilisikilizwa hatimaye mwezi wa Novemba. Trafiki alisema kibao kilikuwa wazi na nilikipita. Nikapewa nafasi ya kumuuliza maswali, nikamuuliza kama siku ile hakutenganisha majani kwa mkono. Akasema hakumbuki. Nikajitetea kwamba uzio wa masale ulikuwa umekifunika kibao chote, na kwamba mtu hawezi kukaidi alama asiyoiona. Nilisema vizuri, nilijisikia mwenyewe kwamba nasema vizuri, na hakimu alikuwa anaandika. Ndipo mwendesha mashtaka aliposimama taratibu, akaniuliza uzio huo ni wa nani.

Nilimtazama hakimu, naye bado anaandika. Akaendelea kuiambia mahakama kwamba kama ni kweli kuna mtu ameacha uzio wake ukafunika alama ya serikali, ndani ya eneo la barabara, basi mtu huyo naye ana kesi yake ya kujibu, na yeye yuko tayari kumfungulia hata kesho. Kwa hiyo angependa kumjua.

"Ni wa wenyeji wa pale, mheshimiwa," nilisema.

Nilimwona baba, na goti lake linalouma, kwenye lile benchi lenye msumari. Ili nisiulizwe zaidi, nikaiomba mahakama ije ione yenyewe. Niliwaza kwamba hakimu akifika, atauona uzio, hatakiona kibao, basi. Uzio utanisemea, na hakuna atakayehitaji jina la mwenyewe. Hakimu alifikiri kidogo, akatazama kalenda yake, akakubali. Tutakwenda Jumatano. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Juni. Nilipita sokoni nikanunua samaki.

Jumamosi nilikwenda kumwarifu baba, kwa sababu watu wanne hawawezi kusimama mbele ya kihamba cha mtu bila mwenyewe kujua. Lakini hata hapo nilishindwa kumwambia ukweli. Nilimwambia Jumatano watakuja wageni kutoka mjini, watu wa serikali, kuangalia barabara, na mimi nitafuatana nao kwa kuwa ni mwenyeji. Akaniuliza watakuwa wangapi. Nikamwambia wanne, na mimi wa tano, asijisumbue. Ningekuwa na akili timamu, swali lile la wangapi lingetosha kunishtua, maana hakuna mtu wa kwetu anayeuliza idadi ya wageni halafu akae bure.

Jumatano asubuhi ikaonekana kwamba mahakama haina gari. La mahakama lilikuwa bovu, na la polisi lilikuwa limekwenda Sanya Juu. Hakimu akauliza kama kuna usafiri mwingine, na watu wote wakanitazama mimi. Basi pikapu yangu ikafukuzwa kuku, ikatiwa mafuta, na kwa kuwa mimi sina leseni, akaiendesha trafiki. Hakimu na mwendesha mashtaka wakakaa mbele pamoja naye. Mshitakiwa na karani wakakaa nyuma, juu ya tairi la akiba. Shahidi wa mashtaka ananiendeshea gari langu mwenyewe, anaziumiza gia zangu nikisikia, na mimi siruhusiwi hata kumwambia hapo weka namba mbili. Kama kuna siku nimewahi kukaribia kuruka kutoka kwenye gari linalokwenda, ni siku ile.

Njiani nilimwomba karani jambo moja. Nilimwambia pale tunapokwenda kuna mzee ninayemheshimu, na kama ingewezekana wasiniite mshitakiwa mbele yake. Alinitazama juu ya miwani yake kwa muda. Halafu akauliza kama mzee huyo ni baba. Nikainamia tairi tulilokalia. Tulipofika penye daraja, trafiki aliposimama kuachia ng'ombe wapite, karani aliteremka akaenda dirishani akanong'ona na hakimu. Mama yule sijawahi kumshukuru ipasavyo.

Tulipoukata mwinuko wa mwisho, niliona kibao kabla sijaona kitu kingine.

Kilikuwa kimesimama peke yake, kinang'aa. Masale yalikuwa yamekatwa usawa wa kiuno, yamenyooka toka kona hadi kona, na kamba aliyopimia ilikuwa bado imefungwa kwenye kijiti. Migomba ilikuwa imeondolewa majani makavu yote. Ukingo wa barabara ulikuwa umefagiwa, alama za ufagio zinaonekana kwenye udongo. Na baba alikuwa amesimama katikati ya kazi hiyo, amevaa shati jeupe na koti lake la Krismasi, na panga safi limeegemezwa kwenye mgomba.

Trafiki alizima gari. Hakimu akateremka, akamwamkia baba shikamoo, baba akaitikia marahaba na kuwashika mikono wote mmoja mmoja. Trafiki alipopeana naye mkono alikuwa anaangalia viatu vyake. Alijua. Alikuwa ameuingiza mkono wake mwenyewe kwenye yale majani, na sasa anaona mashina yake yakiwa mabichi, yamekatwa jana.

Baba akanisogelea, akanisemesha Kichagga, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kufurahi. Alisema alianza kukata jana alfajiri na amemaliza giza likiingia. Alisema uzio ulikuwa umefunga kabisa, hata kile kibao chao kilikuwa hakionekani, yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kusahau kwamba kipo. Akasema amekipangusa kwa maji na sabuni, wageni wasikute aibu. Kisha akasema, polepole, kwamba mama angeuona uzio huu angenyamaza.

Hakimu aligeuka. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, hakuwa na neno hata moja la kwetu.

"Mzee anasemaje?" aliniuliza.

Mwendesha mashtaka naye akageuka, kalamu mkononi. Karani akawa anatazama pembeni, kwenye kahawa. Maneno niliyoyatafuta tangu Juni yalikuwa yametamkwa mbele ya mahakama, na shahidi asiye na sababu ya kudanganya. Ningeyatafsiri jinsi yalivyo, jioni ile ningekuwa na leseni yangu mfukoni. Na baba angeulizwa jina lake, na umri wake, na tangu lini uzio wake ulifunika alama ya serikali, na kwa nini ameukata siku moja kabla ya mahakama kufika. Angesikia neno mahakama. Angenitazama. Nilimfikiria mke wangu, nilifikiria mayai ya kuku kwenye kiti cha gari, niliwafikiria watoto. Nilijua kabisa ninachokichagua, sitaki mtu aseme nilibabaika.

"Anasema karibuni ndani," nilisema.

"Ndiyo, ndiyo, karibuni," baba akadakia kwa Kiswahili. "Kuna mtori wa ndizi, na pombe kidogo ya mbege."

Hakimu akashukuru, akasema wako kazini. Akatembea kutoka kibaoni kwenda juu mpaka kona, akahesabu hatua, akageuka, akatazama. Akarudi akaandika. Aliniuliza, kwa upole na bila kuniita chochote, kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Mwendesha mashtaka alionekana kushangaa, akafunga daftari lake. Basi wakaingia ndani hata hivyo, kwa sababu baba alikuwa amewafungulia mlango na amesimama pale, na hakuna mtu mwenye moyo wa kuupa mgongo mlango wa namna ile. Trafiki alikula bakuli mbili za mtori bila kuinua uso.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili, na safari hii haikuahirishwa. Hakimu alisema mahakama imefika eneo la tukio na kujionea kwamba kibao kiko wazi, kinaonekana kutoka mbali, na uzio wa jirani umetunzwa kwa unadhifu wa kupigiwa mfano. Utetezi wa mshitakiwa hauna ukweli. Nilitozwa faini na kuzuiwa kuendesha gari kwa mwaka mmoja. Niliposikia ule unadhifu wa kupigiwa mfano, nilitamani kucheka na nilitamani kulia, na kwa kuwa nilikuwa kizimbani sikufanya lolote.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote, na maneno ya baba jinsi yalivyokuwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kwa nini sikumwambia baba mapema, tangu Juni, kabla hajashusha panga. Hakunisemesha kwa siku tatu. Siku ya nne alinitafutia kijana wa Kahe mwenye leseni wa kuendesha pikapu, na mimi nikawa napakia na kupakua mizigo kwenye gari langu.

Jumapili baada ya misa nilipanda kwa baba. Nilimkuta nje, barabarani, na panga na kamba yake. Masale yalikuwa yamechipua urefu wa vidole viwili hivi, na yeye alikuwa anakata vichipukizi kimoja kimoja, amepiga goti lake bovu kwenye gunia. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Jirani mmoja aliyekuwa akipita alimsifu, naye akamwambia inabidi, kuna watu wa serikali wanaangalia barabara hii.

Nilimwamkia, nikachuchumaa kando yake. Aliniuliza habari za watoto, akaniuliza habari za mvua huko mjini. Halafu akaushika mpini wa panga vizuri.

"Wale wageni wako," alisema, "watarudi lini?"

Nilitazama mikono yake. Nilijua nikisema hawarudi, panga litapanda juu ya dari jioni hii hii, na yeye ataingia ndani akae.

"Watarudi, Baba," nilisema. "Hawajasema siku."

Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Akaniomba nimshikie ile kamba upande wa pili na niivute inyooke, nami nikaishika, nikaivuta.